Kitasa cha Mlango wa Mbele

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ukali na siku hizi unapanda ngazi zako bila kuzitukana.

Huku tuko salama, ukiacha paa la jikoni linalovuja palepale nilipoliziba mwaka jana. Jirani yetu mshonaji amepata mjukuu wa nne na anapita nyumba hadi nyumba kutangaza, utadhani amemzaa yeye. Duka langu la vitasa bado linafunguliwa saa mbili asubuhi. Wateja wapo, maana watu wa siku hizi wanapoteza funguo kuliko zamani, sijui vichwa vyao viko wapi. Kitasa cha mlango wetu wa mbele nacho kinakwamakwama. Jirani ananicheka kwamba fundi anayefungia mtaa mzima hana muda na mlango wake mwenyewe. Namwachia acheke.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni huyu mwanangu.

Alipokuja kumzika mama yake alisema atakaa wiki mbili. Mwezi ujao anatimiza miaka mitatu. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, fundi wa lifti mwenye cheti, ameacha kazi yake huko kwenye maghorofa, yuko kwangu ananichemshia chai. Nikiamka, yuko jikoni. Nikienda dukani, haipiti nusu saa na yeye huyo, eti amekuja kufagia. Nikikawia bafuni anagonga: "Baba, uko salama?" Dada, nimelea mtoto nikamaliza, na sasa nalelewa kwa nguvu. Nimemwambia aondoke kwa utani, nikamwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali. Anajibu, "Sawa, Baba," halafu anaenda kuosha vyombo.

Wewe ulikaa masjala ya mahakama miaka thelathini na moja. Niambie kitu kimoja tu: mzazi ana haki gani kisheria ya kumtoa mtoto mtu mzima nyumbani kwake? Nasikia kuna karatasi. Inaandikwaje, inapelekwa wapi, inachukua siku ngapi? Nataka awe ametoka kabla mwaka huu haujaisha, la sivyo atazeekea humu.

Usinipigie simu. Kuta zetu nyembamba, na hata namba ananibonyezea yeye, kwa sababu siku hizi wanatengeneza simu zenye vitufe vya kitoto.

Mdogo wako,
Msumari


20 Machi

Msumari,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 4 Februari niliipokea tarehe 11 Februari. Aliyechelewesha majibu ni mimi, usiisingizie posta.

Goti liko vilevile. Ngazi ni zilezile hamsini na nne. Kijana wa ghorofa ya chini anajifunza tarumbeta na bado hajafika kwenye wimbo. Nimebadilisha mapazia, nikajuta, nikarudisha ya zamani. Ndizo habari zangu zote tangu nistaafu.

Nikuulize. Dawa ya sukari unameza? Miguu unaikagua kila asubuhi? Unakula saa ngapi? Nijibu yote matatu, usinichagulie moja.

Kuhusu jambo lako: nililisoma, nikaliweka kwenye droo, nikalitoa, nikalirudisha. Watu waliofanya kazi mahakamani wako wengi duniani na umeniuliza mimi. Basi sawa.

Sheria iko hivi. Mtoto akishafikisha umri wa utu uzima, mzazi halazimiki kumpa malazi. Nyumba ni yako, yeye yumo kwa ruhusa yako, na ruhusa uliyoitoa unaweza kuiondoa. Unampa notisi ya maandishi ya siku thelathini, yenye tarehe na sahihi. Siku zikiisha hajatoka, unakwenda mahakamani kuomba amri. Huruhusiwi kumtupia vitu nje wala kubadilisha kitasa kabla ya amri hiyo. Zingatia sana hilo la kitasa.

Na kuna jambo watu wengi hawalijui. Ukishampa notisi, usipokee huduma yake yoyote humo ndani. Ukila alichopika au ukinywa chai aliyochemsha, inahesabiwa kwamba umemkaribisha upya. Notisi inakufa, na siku thelathini zinaanza tena kuanzia moja. Nimeona mashauri mengi yakianguka hapo.

Fikiri kabla ya kuandika.

Dada yako


29 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole kwa tarumbeta. Dawa nameza. Nakula saa zote anazonipikia, na hapo ndipo pana kesi, kama utakavyoona. Paa nimeliziba upya, sasa linavujia upande wa pili.

Notisi nilimpa tarehe 1 Aprili. Niliiandika nyuma ya stakabadhi ya duka, nikaweka tarehe, nikatia sahihi. Akaisoma amesimama, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya kopo la sukari. Halafu akaniuliza, "Baba, mayai mawili au matatu?" Nikasema sitaki mayai. Siku hiyo nilishinda kwa mkate mkavu, na ya pili pia.

Siku ya tatu kulikuwa na mchuzi wa viazi. Dada, wewe unajua mimi na viazi. Nikala. Kesho yake nikaandika notisi nyingine.

Hiyo ya pili ilifika siku ya kumi na moja. Nilirudi dukani nimechoka, kikombe kiko mezani kinafuka moshi, nikanywa nusu bila kufikiri. Nilipokumbuka niliitema chai, lakini nusu ilishapita. Ningeweza kunyamaza, nani angejua, ila mahakama ni mahakama. Nikaanza upya. Kopo la sukari sasa limekaa upande kwa wingi wa karatasi, na yeye kila nikimpa nyingine anasema ahsante.

Jumatatu nilijaribu kujipikia mwenyewe ili siku zisikatike. Nikaungua kiganja cha kulia kwenye sufuria. Si sana. Nilijua tu baada ya kusikia harufu. Yeye alikuja mbio, akanifunga kitambaa, na sikumkataza, kwa hiyo sijui kama kufungwa kitambaa nako ni huduma. Nijulishe.

Jambo moja linanitatiza. Alipokuwa ananifunga aliniuliza, "Shangazi anasemaje?" Mimi sijamwambia kwamba nakuandikia. Barua zako napokelea dukani. Amejuaje?

Msumari


6 Mei

Msumari,

Marahaba. Barua yako imefika jana, najibu leo.

Umeunguaje mpaka ukasikia harufu kwanza? Mtu akishika sufuria ya moto anaachia kabla hajajua ameshika nini. Kiganja kina ganzi? Vidole je? Tangu lini? Uliza daktari, usimuulize mshonaji.

Kitambaa pia ni huduma. Anza upya.

Habari nyingine sina. Umeandika mistari mikubwa sana mara hii, karatasi mbili kwa maneno ya karatasi moja. Kalamu inakusumbua?

Usiwashe jiko peke yako, nakuomba.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Najua Mei yote na Juni yote sikuandika. Mshonaji anakusalimu. Mjukuu wake ameota meno mawili.

Nikueleze kilichotokea. Mwalimu wa mtaa wa pili nilimfungia kitasa cha chumba cha mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu. Kazi ya kawaida, nimefunga vya namna ile elfu. Wiki ya pili bibi akajifungia, na kitasa kikagoma. Bibi ndani, jiko lake la mafuta linawaka, mwalimu nje anapiga kelele. Na walipokimbilia fundi, hawakunifuata mimi. Walimwita yeye. Mlango niliofunga mimi mwenyewe, wakamwita mwanangu. Aliufungua kabla mimi sijavaa viatu. Bibi alitoka mzima, akadai chai.

Nikamuuliza mwalimu, "Kwa nini hukuniita mimi?" Akaangalia chini. Akasema, "Fundi, sisi tulidhani unajua."

Nikarudi dukani nikateremsha kazi zote zilizokuwa rafuni zinangoja wenyewe. Nikazifungua moja moja. Kila kitasa nilichokuwa nimemaliza kilikuwa kimefunguliwa na kurekebishwa. Mkwaruzo wa tupa yake naujua, nilimfundisha mimi. Miaka mitatu, Dada. Mimi nafunga duka najiona nimefanya kazi, yeye anabaki nyuma eti anafagia.

Cha mwalimu kilimponyoka kwa sababu nilikipeleka mwenyewe siku hiyohiyo. Nisingekipeleka mwenyewe, mpaka leo ningekuwa najiita fundi.

Kesho yake nikaenda mahakamani kwa miguu yangu. Kuna karani pale dirishani, binti mdogo tu, ana miwani. Nikampa notisi zote saba, nikamweleza kwa utaratibu ile ya viazi, ile ya chai, ile ya kitambaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua miwani akacheka mpaka akainamia meza. Akasema, "Mzee, hata mngekula pamoja kila siku, notisi ni ya tarehe 1 Aprili na imeshaiva zamani. Sheria hiyo ya chai umeitoa wapi?" Nikasema nimeipata kwa mtu anayejua.

Shauri limepangwa tarehe 14 Agosti.

Dada, miaka thelathini na moja masjala. Huwezi kuwa umekosea. Kwa nini ulinifanyia hivi? Nimekaa na njaa ndani ya nyumba yangu kwa ajili ya sheria ambayo haipo.

Msumari


9 Julai

Msumari,

Marahaba. Tarumbeta imefika kwenye wimbo. Habari zinaishia hapo.

Sheria ya chai niliitunga mimi, kwenye meza hii, na nilijua utaitii. Ungekuwa mtu mwingine ungekula ukanyamaza. Nilijua wewe ukila utajihesabia mwenyewe, na kwa hiyo hutamaliza siku thelathini mpaka dunia inaisha. Nilitumia uaminifu wako kukufunga. Nisamehe kwa njaa. Kwa mengine bado sijajua kama naomba msamaha.

Mwanao aliniandikia wiki moja baada ya mazishi. Alikuona umeshika mpini wa kikaango uliokuwa unachoma, unazungumza na wageni, hujui. Akaniuliza afanye nini, kwa sababu likizo yake inaisha. Nilimjibu kwamba asikuache. Nilimwomba aniahidi kuwa hatatoka humo mpaka nimwambie mimi, na asikwambie kitu, kwa sababu ungemfukuza siku hiyohiyo. Akaahidi. Ndiye amekuwa akiniandikia kila mwezi, nami namjibu. Hivyo ndivyo alivyojua.

Ungeweza kuuliza kwa nini sikuja mwenyewe, mimi nisiye na mume wala mtoto wa kunizuia. Hujawahi kuuliza. Miaka arobaini na moja hujauliza kwa nini siingii nyumba hiyo ya baba yetu. Siku ya mazishi ya mkeo niliishia makaburini, nikarudi na basi la saa nane, na wewe ukasema Dada ana kazi nyingi.

Basi leo naandika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilimwambia baba mbele ya wageni kwamba anampiga mama. Ilikuwa kweli, na wote mezani walijua ni kweli. Kesho yake nikakuta karatasi juu ya kitanda changu, katika chumba kile cha mbele. Siku thelathini, tarehe, sahihi. Sikuamini. Nilidhani atasahau. Siku ya thelathini na moja nimerudi kazini saa kumi na moja, nina mkate kwapani, naingiza ufunguo, haugeuki. Nikajaribu mara ya pili. Mara ya tatu nikatazama kitasa. Kilikuwa kipya. Skrubu zote nne zilikaa wima, mifereji yake imenyooka juu na chini. Ulikuwa umeanza ufundi mwaka ule, na katika mji wote ni wewe peke yako uliyekuwa unazipanga hivyo. Mama alikuwa anajivunia.

Sikubisha. Nilikusikia unapumua upande wa pili.

Niliomba kazi masjala kwa sababu nilitaka kuona karatasi ile ilikotoka. Nikaishia kuzigonga muhuri. Na sasa unanitumia barua kuniuliza inaandikwaje.

Dada yako


20 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Hali ya hewa huku ni nzuri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Kesi siifuti, na sikueleza vizuri kwa nini. Mwezi wa tano nilikuta barua ya kampuni yake kwenye mfuko wa suruali yake nilipokuwa nafua. Wanamwita arudi awe msimamizi wa mafundi wote wa lifti. Wanamngoja mpaka mwisho wa Septemba. Amewajibu hapana. Mama yake alimsomesha mpaka cheti, na mimi namwona ameinama chini ya meza yangu anaokota skrubu ninazodondosha. Nikimwambia nenda, anasema sawa Baba. Kwa hiyo nitaambiwa nilikuwa baba mkali, na yeye atakwenda.

Hayo mengine ya mlango sijui yanaandikwaje.

Msumari


3 Agosti

Msumari,

Marahaba. Ya kampuni ya lifti sikuambiwa. Kila mwezi mwanao ananiandikia sukari yako imepanda au imeshuka, umekula nini, umedondosha nini, na ya kwake haandiki hata mstari mmoja. Wala mimi sikumuuliza. Nimekaa na barua yako siku nane nikiwa na hofu kwamba nimemfanyia yeye nilichofanyiwa mimi, ila kwa kinyume. Mimi nilifungiwa nje, yeye nimemfungia ndani.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ndogo, imekunjwa. Ni yake. Mpe, na usiisome.

Nimeona wazazi wengi wakishinda shauri hilo. Wanatoka nje na amri mkononi na hawajui waiweke mfuko upi. Jiandae kwa hilo. Hakimu atakuuliza kijana amekukosea nini. Usimsingizie.

Lakini akishaondoka, nani atakuwepo ukishika sufuria? Nani atasikia harufu kabla yako? Nimeamka na swali hilo, nimepika nalo, nimelala nalo. Mimi siwezi, unajua siwezi. Nikifikiria mlango ule tu, goti linasahau maumivu yake, maumivu yote yanahamia kwingine.

Niandikie mara tu baada ya tarehe 14. Usinicheleweshe kama nilivyokuchelewesha.

Dada yako


15 Septemba

Dada,

Shikamoo. Utaona mwandiko si wangu. Anayeandika ni mwanangu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kubadilisha hata neno moja. Kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye viungo vya kati sisikii kitu, mikono yote miwili. Imeanza kabla mke wangu hajafa. Kalamu naiona iko mkononi lakini siijui kama ipo. Sasa nimesema.

Umesubiri mwezi mzima na ulisema usisubirishwe. Nilikuwa najaribu kuandika mwenyewe. Nimechana karatasi nyingi.

Mahakamani kulikuwa na benchi na feni isiyozunguka. Hakimu ni mama wa makamo, ana sauti ndogo. Akaniuliza, "Mzee, kijana amekukosea nini?" Nikasema hajanikosea. "Analewa? Anakutukana?" Nikasema anaosha vyombo. Watu wakacheka. "Sasa unamtoa kwa nini?" Nikamweleza habari ya kampuni, kwamba wanamngoja na hataki kwenda, na mimi sina nguvu nyingine ya kumsukuma ila hii ya serikali. Akamgeukia yeye. Yeye akasema, "Nilimwahidi shangazi yangu." Halafu akatoa ile karatasi yako mfukoni, akampa. Hakimu akaisoma kwa sauti: Uliyoniahidi nimekufungua nayo, nenda kazini kwako, baba yako si mzigo wako peke yako. Yeye akasema hana pingamizi.

(Shangazi, niliposema hivyo Baba alilia. Amesema nisiandike. Nimeandika.)

Amri inasema atoke ifikapo kesho tarehe 16, na mwenye nyumba anaruhusiwa kubadilisha kitasa. Sikuwa na haja ya kubadilisha, kijana hana vita na mimi. Lakini nilinunua kitasa kipya. Nikakaa nacho sebuleni tangu asubuhi. Bisibisi ikaanguka mara tatu. Skrubu ya kwanza ikaingia chini ya kochi. Ikabidi nimwite: njoo unifungie kitasa cha kukutoa nje. Akaja, akapiga magoti, akaanza kufungua kile cha zamani.

Unajua ni kipi. Ni kilekile. Miaka arobaini na moja sikukigusa, hata kilipoanza kukwama. Mke wangu aliniuliza mara ngapi, nikamwambia nitakibadilisha wiki ijayo.

Wakati anakifungua, nikamsimulia. Hajawahi kunisikia nikisimulia hivyo. Nilimwambia baba aliniletea kitasa kazini, akasema leo tuone kama umejifunza. Nilikifunga mchana, nikapanga skrubu wima kwa sababu nilitaka asifu kazi. Sikujiuliza ni cha kumzuia nani. Nilielewa nilipokusikia unaingiza ufunguo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa, Dada. Kwa ndani kilikuwa kinageuka kwa kidole kimoja. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na hakusema neno, wala hakunishika. Ulijaribu mara tatu. Nilihesabu. Kisha nikasikia viatu vyako vinashuka ngazi, na mimi bado nimekishika.

Hakunishika, Dada. Nimewaambia watu kwamba alinishika. Hata mke wangu nilimwambia hivyo.

(Hapa nimemletea chai, amekunywa.)

Nisamehe. Ningekuomba siku ile ningekuwa mtoto anayeomba msamaha. Leo ni mzee wa miaka sitini, na msamaha ni uleule.

Yeye anaondoka kesho na basi la asubuhi. Mfuko wake uko mlangoni. Atakuja Jumapili moja kila mwezi, kama mgeni, na atabisha, kwa sababu amri ni amri. Mshonaji atakuwa ananipitia asubuhi na jioni. Duka nimelifunga. Zana nimempa yeye, isipokuwa tupa ndogo moja ambayo nimeibakiza tu.

Nimemwambia asipange skrubu wima. Zimekaa ovyo ovyo, moja huku, moja kule. Ni kazi mbaya kuitazama.

Kitasa kimekuja na funguo mbili. Mmoja uko shingoni kwangu kwenye uzi, kwa sababu mfukoni siusikii. Wa pili ndio huu uliobandikwa chini ya karatasi. Chumba cha mbele kimefagiliwa, dirisha liko wazi.

Ndimi mdogo wako,
Msumari


24 Septemba

Msumari,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 15 na kilichobandikwa chini yake nimevipokea leo asubuhi.

Mapazia nimemwachia kijana wa tarumbeta. Nina masanduku mawili na mto wangu.

Nitafika Jumamosi saa tisa mchana. Usije kituoni, na usimtume mshonaji. Usisimame dirishani.

Ukisikia ufunguo unaingia, kaa ulipo. Naweza kuchelewa kidogo, kitasa ni kipya kwangu. Usije kunifungulia. Nataka kufungua mwenyewe.

Dada yako